Anza na Kivuli: Kuongeza Baraza Nyumbani, Handeni na Korogwe

Siku hizi picha hizi zinazunguka sana kwenye simu: chumba kilichozungushiwa vioo kutoka sakafuni hadi darini, makochi meupe, maua kwenye vyungu, jua limejaa ndani. Mwenye nyumba Manundu, Korogwe, au Chanika, Handeni, anaiangalia, anaipenda, na kesho yake yuko kwa fundi wa aluminiamu kuulizia bei. Kabla hujafika huko, uliza chumba kile kimejengwa nchi gani. Mara nyingi ni Ulaya ya kaskazini, Marekani au Kanada, mahali ambapo jua la miezi ya baridi ni haba na watu wanalitafuta. Kioo kinaruhusu mwanga uingie, mwanga unapasha sakafu na viti, na joto linalotoka humo halina pa kupitia. Kwao hiyo ndiyo faida. Korogwe, iliyo mita 300 hivi tu juu ya usawa wa bahari katika bonde la mto Pangani, chumba hicho saa nane mchana mwezi wa Januari hakikaliki. Handeni iko juu zaidi na ina upepo, lakini tofauti hiyo haitoshi kukiokoa. Katika mkoa wa Tanga, mwenye hoja ya kujenga chumba cha vioo ni yule wa Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, ambako Juni na Julai watu huvaa masweta hadi mchana.

Lakini hamu iliyo nyuma ya picha ile ni ya kweli, na haipaswi kupuuzwa. Unataka mahali penye mwanga na hewa ambapo si ndani kabisa wala si nje kabisa, pa kunywea chai asubuhi, pa kumpokea mgeni bila kumpitisha sebuleni, pa watoto kufanyia kazi za shule, pa kupukuchulia mahindi mvua ikinyesha. Mahali hapo pwani yetu imepajua siku nyingi. Nyumba ya Uswahilini ina baraza mbele na ua nyuma. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultan Barghash Unguja mwaka 1883, lilizungushiwa roshani pana kila ghorofa, juu ya nguzo za chuma, na kazi ya roshani zile ilikuwa kuzuia jua lisiuguse ukuta. Ukuta usiopata jua mchana haukupiki usiku. Kwa hiyo mpango wako uanze na kivuli, kisha hewa, kisha mwanga. Vioo, kama bado utavitaka, vije mwisho kabisa.

Upande gani wa nyumba

Handeni na Korogwe ziko nyuzi 5 na kitu kusini mwa ikweta, na hilo linaamua mengi. Jua la adhuhuri halikai upande mmoja mwaka mzima. Kuanzia kama wiki ya pili ya Machi hadi wiki ya kwanza ya Oktoba linapita kaskazini mwa kichwa chako. Miezi iliyobaki linapita kusini. Pande zote mbili hizo hazina shida kubwa, kwa sababu jua hilo liko juu. Hata Juni, linapokuwa limeelemea kaskazini kuliko wakati wowote, upenu wa mita 1.5 unaweza kutia kivuli ukuta mzima wa mita 2.7 wakati wa adhuhuri.

Adui ni magharibi. Saa kumi jioni jua limeshuka kiasi kwamba, kama ukingo wa paa la baraza uko mita 2.1 kutoka sakafuni, mwanga unaingia ndani karibu mita 3. Baraza lenye upana wa mita 2.7 linajaa jua lote, na ni saa hiyohiyo watu wanatoka shamba au kazini wakitaka kukaa. Ukiwa huna upande mwingine, usikate tamaa: panda mwarobaini mita chache kutoka ukingo wa baraza leo hii, kabla ya kuchimba msingi, na kwa miaka ya mwanzo tundika chiki au mkeka unaokunjwa upande wa jua. Lakini kama una uhuru wa kuchagua, chagua mashariki. Asubuhi unapata jua ukiwa unalihitaji, na kuanzia alasiri nyumba yenyewe inakutilia kivuli. Isitoshe, kusi huvuma kutoka kusini mashariki na kaskazi kutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo mashariki ndiko hewa inakotoka karibu mwaka mzima.

Usiniamini kwa maneno. Siku moja ya Jumapili, baki nyumbani na kipande cha chaki au vijiti. Saa nne asubuhi weka alama kivuli cha nyumba kinapoishia. Rudia saa nane, rudia saa kumi. Ukimaliza utakuwa na mchoro wa kivuli uliochorwa kwenye ardhi yako mwenyewe, na utajua viti vikae wapi bila kubahatisha.

Kisha inama uangalie ukuta. Katika nyumba nyingi za Handeni plasta ya nje ina doa la udongo mwekundu linaloanzia chini na kupanda. Upande mmoja limefika kifundo cha mguu, upande mwingine limefika magotini au kupita. Doa hilo ni kumbukumbu ya mvua zote zilizopiga nyumba hiyo tangu ipakwe rangi. Pale lilipopanda juu ndiko mvua inakotoka ikisukumwa na upepo. Kama ni upande uleule unaotaka kuweka baraza, usiukimbie, ila ongeza upenu wa mbele ufike sentimita 60 au zaidi, na inua ukuta mfupi wa sentimita 80 hivi upande huo badala ya kuacha nguzo tupu.

Liko jambo la jamaa na majirani pia. Baraza la mbele ni la wageni na wapita njia. Anayekaa pale amekubali kusalimiwa na mtaa mzima. Baraza la nyuma, lililoungana na ua, ni la familia, na mara nyingi ndilo akina mama wanalolitumia zaidi kwa kazi na mazungumzo. Kaeni mzungumze nyumbani kabla ya kuamua. Pesa ni ya kujenga moja, na nimeona mabaraza ya mbele yenye vigae vizuri ambayo hakuna anayeyakalia, huku shughuli zote zikiendelea nyuma juani.

Kimo: hapa ndipo wengi wanapokwama

Mchoro wa fundi utakuonyesha urefu na upana. Dai pia mchoro wa ubavuni, unaoonyesha kimo, hata kama ni wa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Sababu ni hii. Nyumba nyingi zimeezekwa hivi kwamba ukingo wa bati uko mita 2.4 hivi kutoka sakafuni. Ukitaka kuliendeleza paa hilohilo mbele kwa mita 2.7, maji yanahitaji mteremko. Kwa mteremko wa sentimita 1 kila sentimita 6, utashuka sentimita 45. Sasa ukingo uko mita 1.95, toa unene wa mbao ya kubebea bati, unabaki na mita 1.8. Mtu mrefu ataumiza kichwa, hewa ya moto itakaa usoni, na sebule yako iliyokuwa na mwanga itakuwa na giza saa tano asubuhi. Wengine wanapunguza mteremko ili kuokoa kimo. Bati linakuwa karibu bapa, na masika ya kwanza maji yanarudi nyuma kupitia maungio.

Zipo njia za kutoka. Kama ardhi inateremka kutoka kwenye nyumba, shusha sakafu ya baraza ngazi mbili, umepata sentimita 30. Njia nyingine ni kufumua safu ya chini ya bati za zamani na kuanzia paa jipya juu zaidi kwenye kenchi. Inafaa, ila inahitaji seremala anayejua kazi, na bati la zamani likishafumuliwa mara nyingi halirudi vizuri kwa sababu matundu ya misumari yanakuwa mawili mawili.

Njia ninayoipendekeza kwa nyumba ambayo haina tatizo ni kuliacha paa la zamani kama lilivyo na kusimamisha baraza kwa nguzo zake lenyewe pande zote mbili, pamoja na zile zinazopakana na ukuta. Paa lake liwe juu ya lile la zamani: ukingo wa nyuma mita 3 hivi kutoka sakafuni, ukiingia juu ya bati la zamani kwa sentimita 60, na ukingo wa mbele mita 2.3. Kati ya mapaa mawili panabaki nafasi ya kama sentimita 30. Nafasi hiyo inatoa hewa ya moto, kwani hewa ya moto hupanda, na inaingiza mwanga wa juu mpaka kwenye dirisha la sebule bila jua lenyewe. Uzito wa paa jipya haugusi ukuta wa zamani. Sharti lake ni gata. Maji ya paa la zamani sasa yanaishia juu ya baraza, kwa hiyo gata la pale liwe pana, liwe na mteremko, na lisafishwe majani kabla ya kila msimu, la sivyo mvua kubwa itafurikia kwenye viti.

Msingi nao ufuate akili hiyohiyo. Nyumba ya miaka kumi imeshakaa chini, baraza jipya bado halijakaa. Ukivifunga pamoja kwa saruji, kipya kitashuka na ufa utatokea kwenye maungio. Acha mwanya wa sentimita 2 kati ya jamvi jipya na ukuta wa zamani, ujaze kitu laini kinachozuia maji. Kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, kama ule wa mabondeni, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, chimba hadi uupite, au uondoe ujaze changarawe iliyoshindiliwa. Sakafu ya baraza iwe chini ya sakafu ya ndani kwa sentimita 10 angalau, na iteremke kuelekea nje: kwa upana wa mita 2.7, sentimita 5 zinatosha maji ya mvua na ya deki kutoka yenyewe.

Mbu

Huwezi kuzungumzia kukaa nje jioni katika wilaya hizi bila kuzungumzia malaria. Korogwe ilikuwa moja ya vituo 11 barani Afrika vilivyoshiriki majaribio makubwa ya chanjo ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014, na haikuwa kwa bahati, ugonjwa ulikuwepo. Vilevile mkoani Tanga, katika kijiji cha Magoda, mbunifu majengo Jakob Knudsen wa Denmark na mtafiti Lorenz von Seidlein pamoja na wenzao walijenga nyumba sita za majaribio zenye kuta nyepesi zinazopitisha hewa, baadhi yake za ghorofa, wakazilinganisha na nyumba za kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: nyumba zile zilikuwa na ubaridi zaidi na mbu wachache zaidi, hasa za ghorofa. Kwa anayepanga baraza, somo ni kwamba huna haja ya kuchagua kati ya hewa na kinga. Unaweza kupata vyote ukiweka wavu mahali pa ukuta.

Gawanya baraza kama nafasi inaruhusu. Sehemu moja iwe wazi, ya mchana na ya wageni. Nyingine iwe na ukuta mfupi na juu yake wavu wa mbu hadi kwenye mbao ya paa, bila kuacha upenyo pale juu. Pale panasahaulika mno, na mbu wanapita chini ya bati kama mlangoni. Ukitumia lile paa lenye nafasi ya sentimita 30 nililolieleza, nafasi hiyo nayo izibwe kwa wavu juu ya sehemu hii. Mlango uwe na springi ya kuufunga wenyewe, kwa sababu watoto hawafungi mlango. Wavu unapunguza upepo, kwa hiyo usiuweke kwenye madirisha madogo. Uweke pande tatu nzima. Nyavu za plastiki ni za bei nafuu ila jua linazimaliza. Za aluminiamu zinadumu. Nje ya wavu weka grili kama unahofia wezi, na uache nafasi ya kutoa wavu kuuosha, kwani vumbi la kiangazi litauziba. Na hata hivyo chandarua cha kitandani kibaki palepale.

Jambo moja la hatari: sehemu uliyoifunga isigeuzwe jiko la mkaa. Wavu ukishafunikwa na mapazia, hewa ya sumu ya mkaa inajikusanya bila harufu ya kukuonya.

Karatasi na mipaka

Nyongeza ya jengo inahitaji kibali kama jengo lenyewe. Ulizia halmashauri yako. Handeni na Korogwe kila moja ina halmashauri ya mji na ya wilaya, kwa hiyo jua kwanza uko kwa nani. Anza kwa mtendaji wa mtaa au wa kijiji, kisha ofisi ya mipango miji au mhandisi, ukiwa na nakala ya hati au ofa na mchoro. Tafuta bikoni zako kabla ya kupima chochote. Mpaka na jirani usiupime kwa ukuta wa baraza peke yake. Upime kwa ukingo wa bati, kwa sababu maji yanayodondoka upande wake ni kesi.

Aliye kando ya barabara kuu, kama ile ya Segera kwenda Moshi inayopita Korogwe, akumbuke kwamba hifadhi ya barabara inafika mita 30 kila upande kutoka katikati. Baraza la mbele ndilo la kwanza kupakwa alama ya X.

Vifaa, maji na majira

Chukua baraza la mita 4.8 kwa 2.7. Ni mita za mraba 13 hivi. Jamvi la unene wa sentimita 10 ni zege mita za ujazo 1.3, na kwa mchanganyiko wa saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, utahitaji mifuko 8 hadi 9 ya kilo 50, mbali na msingi, nguzo na plasta. Hesabu hii ifanye mwenyewe kabla fundi hajakuletea yake. Si kwamba fundi ni mwizi, ila anayejua idadi huuliza maswali tofauti na asiyejua.

Kwa nguzo, zege yenye nondo haina mchwa. Ukipenda mbao, mitiki ya Longuza, Muheza, ni jirani na inastahimili, lakini usiizike ardhini. Isimamishe juu ya kitako cha zege kilichoinuka sentimita 15 juu ya sakafu, ikishikwa na chuma, ili mchwa wakipanda uwaone kwa macho. Bati chagua rangi nyeupe au ya maziwa. Bati jekundu au la bluu iliyokolea linavuta joto, hata kama mtaa mzima ndilo unaloezeka. Epuka kishawishi cha kuweka bati la kuangaza juu ya viti. Moja pembeni, juu ya mlango, linatosha.

Maji ndiyo yanayopaswa kupanga ratiba yako, hasa Handeni. Bomba kuu la HTM (Handeni Trunk Main) linatoa maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyasukuma mbali hadi huko, na kila mkazi anajua maana ya siku yanapokatika. Ukijenga kiangazi bila akiba utanunua maji kwa boza au kwa madumu, na fundi atayabania pale yanapohitajika zaidi, yaani kumwagilia zege. Zege isiyomwagiliwa angalau siku 7 inakuwa dhaifu na kuchora nyufa, hata kama saruji ilikuwa ya kutosha.

Kwa hiyo geuza utaratibu uliozoeleka. Kitu cha kwanza kununua kiwe gata na tanki, vifungwe kwenye paa la nyumba iliyopo kabla ya Machi. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Upande mmoja wa paa wenye mita za mraba 40, mvua ya milimita 20 inakupa lita 800, na hata ukipoteza sehemu ya tano kwa kumwagika bado una 640. Masika ya Machi hadi Mei yanaweza kujaza tanki la lita 5,000 mara kadhaa. Juni mvua zimepungua, tanki limejaa, barabara zinapitika na lori la mchanga: hapo ndipo uchimbe. Ukifanya hivyo una hadi Septemba kumaliza paa, na baada ya hapo vuli inaanza.

Kama pesa haitoshi, gawa kwa awamu, lakini mpangilio usiubadili: mwaka huu jamvi, nguzo, paa na gata, mwakani ukuta mfupi na wavu, vigae, rangi na viti vya kujengea baadaye. Nguzo ziachiwe mapema mahali pa kushikilia fremu za wavu, maana kutoboa zege iliyokomaa ni gharama.

Na fundi mwandikishane. Ukurasa mmoja unatosha: vipimo, kimo cha ukingo wa nyuma na wa mbele, upana wa upenu, nani analeta nini, na malipo ya ufundi kwa hatua, yaani msingi, jamvi, nguzo, paa. Shahidi awe mjumbe au mtu mnayemheshimu wote wawili. Sehemu ya mwisho ya ufundi, tuseme moja ya kumi, ibaki mkononi mwako hadi mvua kubwa ya kwanza ya vuli, na hilo liandikwe tangu mwanzo ili lisionekane dhuluma. Siku hiyo mwite fundi aje mkague pamoja mvua ikinyesha: gata la paa la zamani kwa urefu wake wote, kila msumari wa safu ya kwanza ya bati, na ule mwanya kati ya jamvi na ukuta. Pakivuja, arekebishe kabla ya kulipwa. Pasipovuja, mlipe palepale.